Mama, Ile Nyumba ya Tegeta Sikuinunua

Mama,

Nimerudi kutoka kwa mafundi, miguu imevimba. Nimeoga, nimekunywa chai ya rangi, mjukuu wako Zuhura kajilaza na simu yake, na mie nimevuta stuli niandike kabla sijabadili mawazo. Nimechoka. Sitaki kukudanganya kwamba nakuandikia nikiwa na furaha, ingawa ninayo habari ambayo wewe ungeipigia vigelegele. Nitaifikia. Kwanza nikueleze ilivyokuwa.

Ulipoondoka hatukumaliza hata miezi minne pale Temeke. Mwenye nyumba wetu aliwaachia wanawe ile nyumba, na wanawe wanataka kujenga fremu za maduka. Walikuja wawili, wakaamkia vizuri, wakakaa, wakasema tuna miezi mitatu. Mdogo mtu akakitazama kitanda chako, ambacho tulikuwa hatujakitoa, akasema, "Poleni na msiba." Kisha wakatoka nje kupima ukuta.

Nilijaribu kukumbuka vyumba vyote tulivyopanga mie na wewe tangu nina miaka tisa. Nikafika cha kumi na moja, nikaacha. Nikasema basi. Akiba ya kikoba ninayo, mkopo wa watumishi naweza kuchukua, nanunua. Hata kama ni banda, liwe langu.

Unajua kwa nini nilikuwa nasita miaka yote. Hatukuwahi kuizungumza ile siku, lakini naikumbuka yote. Tulikuwa tumerudi kutoka Newala, tulikokwenda kumzika bibi tukakaa mpaka arobaini. Wewe umebeba kifurushi cha korosho, mie nimebeba kuku. Tukafika Tandika, kwenye nyumba uliyoichotea maji ya kufyatulia matofali ukiwa na mimba yangu, tukakuta madirishani mapazia ya kijani yasiyo yetu. Akatoka mwanamke na mtoto mgongoni. Alikuwa mpole. Akasema mumewe ameinunua, karatasi zote zipo, na aliyeuza hakusema kama ana mke. Kwenye karatasi kulikuwa na jina moja tu, la Baba.

Hukupiga kelele. Uliomba maji, ukanywa nusu, nusu ukanipa mie. Ukaomba kinu chako kilichokuwa nyuma ya jiko, wakakupa, ukakitwika, tukaenda kwa mama mdogo, Keko. Baba tulikuja kumsikia baadaye, yuko Mbagala na mke mwingine.

Neno moja tu ulilowahi kunitamkia kuhusu siku ile, ulinitamkia nilipopata kazi ya ukatibu muhtasi pale shuleni. Ulisema, "Somoe, mwanangu, kusoma karatasi si kazi. Kazi ni kujua nani hayumo." Nilidhani unanitania.

Basi nikaanza kutafuta. Nilimpata dalali mmoja anaitwa Side, kijana wa maneno mengi, akanipeleka Tegeta, ndani huko, ukishaacha barabara ya Bagamoyo unapanda kilima cha mchanga mwekundu. Nyumba ndogo, vyumba viwili na sebule, bati limeanza kutu, uwani kuna mpapai na choo cha nje. Bei ilikuwa chini ya wenzake wote wa eneo lile. Ndani kulikuwa na vyombo vya mtu. Nikauliza. Side akasema, "Kuna mpangaji, sista, anatoka mwezi ujao." Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, huyo mpangaji hayupo. Nikasimama pale sebuleni nikapanga moyoni kitanda cha Zuhura kitakaa wapi.

Mwenye nyumba, Bwana Chitanda, tulikutana naye mgahawani. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, anaongea polepole, tena mtu wa kwetu kusini. Akaniita "dada yangu". Akanipa kopi ya hati.

Nikasema nakwenda kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kwanza. Side akacheka. "Upekuzi wa nini? Mzee mwenyewe huyu hapa, hati hiyo hapo. Unataka kumpekua mtu mzima kama mwizi?" Bwana Chitanda alitazama chini kama mtu aliyetukanwa. Mama, nilijisikia vibaya. Nikakumbuka ulivyonilea, mkubwa ana heshima yake. Kidogo niombe radhi. Lakini kinywa kilikuwa kimeshasema.

Nilikuwa nadhani kazi hiyo ni ya mawakili. Kumbe hapana. Nilichukua ruhusa kazini nikaenda mwenyewe kwa Msajili wa Hati, nikapanga foleni, na binti wa dirishani akanielekeza bila hata kunikunjia uso. Unajaza fomu, unaandika namba ya kiwanja na kitalu na namba ya hati, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu, unasubiri. Karatasi inayotoka inakwambia mmiliki ni nani, amemilikishwa kwa miaka mingapi, kama imewekwa rehani benki, kama kuna mtu ameweka zuio isiuzwe. Ndio hivyo tu. Nilikaa kwenye benchi nikawaza, watu wangapi wanapoteza maisha yao yote kwa kuogopa benchi hili.

Mara ya kwanza jibu lilitoka la mtu mwingine kabisa. Kiwanja cha mama mmoja wa huko Kigamboni. Nikajua nataka kuibiwa. Kumbe kopi ya Side ilikuwa hafifu, nane nimeisoma tatu. Nikarudi kwa Bwana Chitanda nikamwomba nione hati yenyewe, si kopi. Akazunguka siku nne. Ya tano akaileta kwenye bahasha, akaishika yeye mwenyewe mkononi, mie nikanakili namba tarakimu kwa tarakimu mbele yake. Nikalipia tena, nikasubiri tena.

Jibu likaja safi, Mama. Mmiliki ni yeye Chitanda. Hakuna rehani. Hakuna zuio. Juu ya hapo akanipa kiapo alichoapa mbele ya wakili, chenye muhuri, kwamba hana mke. Side akanipigia, "Umeridhika sasa? Lete mzigo, kuna mtu mwingine anaitaka." Nami nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshajaza fomu za mkopo.

Sijui kilichonipeleka Tegeta Jumapili ile. Nilijiambia nakwenda kuangalia maji ya mvua yanapita wapi. Sikumwambia Side.

Nilimkuta mwanamke amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kajifunga kanga kiunoni, karai la zege pembeni, anapiga lipu ukuta wa choo. Anatupia kwa mwiko, anasawazisha, anarudi nyuma kutazama, anasawazisha tena. Mama, mpangaji gani anayehama mwezi ujao atapiga lipu choo cha watu?

Nilimwamkia. Akaitika marahaba, akashuka, akanikaribisha kwa mkono wenye saruji. Nikadanganya kwamba natafuta nyumba ya rafiki yangu. Akanipa kiti. Akaniambia jina lake ni Mama Rajabu, kwamba Rajabu yuko Mtwara kikazi, kwamba amekaa hapo tangu eneo lote ni pori la mikwaju. "Mume wangu, mzee Chitanda, siku hizi yuko zaidi kwa mwenzangu," akasema, kama anayesema habari za hali ya hewa. "Mie nimebaki na nyumba yangu. Nairekebisha kidogo kidogo nikipata mfuko wa saruji." Akanionyesha dirisha alilolitia nondo mwenyewe.

Nilikunywa maji yake. Nikaaga. Sikumwambia.

Hili ndilo ninalotaka ulijue, ndiyo maana naandika. Sikumwambia. Nilirudi Temeke na ile karatasi safi kwenye mkoba na nikakaa nayo wiki mbili. Wewe ungeniona ungedhani nimeugua. Nilikuwa najitetea mwenyewe mchana kutwa, hata nikiwa nachapa barua za mkuu wa shule. Upekuzi nimefanya. Jina ni lake. Kiapo kaapa yeye. Nilipomgusia Side, akanipa maneno niliyokuwa nayatafuta: "Dhambi ni ya aliyeapa, sista. Wewe huna kosa." Na wale vijana wa mwenye nyumba wetu walikuwa wameshaanza kuteremsha tofali mlangoni petu, tunatoka kwa kuruka. Zuhura ana mtihani, hana pa kusomea. Mie nina miaka arobaini na tatu, Mama. Niliitaka ile nyumba. Niliitaka hata baada ya kumwona yule mama juu ya ndoo.

Halafu nikafanya jambo ambalo hungelipenda. Nilikwenda kwa Baba.

Amezeeka. Yuko Mbagala, chumba cha nyuma kwa mtoto wake wa kule, jicho moja limeingia ukungu. Alinijua kwa sauti. Nilimwambia umefariki, akasema alisikia. Nikasema sikuja kugombana, nina swali moja tu. Siku alipouza nyumba ya Tandika, yule mnunuzi alimuuliza kama ana mke?

Alikuna goti. Akasema, "Yeye alikuwa na haraka. Na mimi nilikuwa na haraka. Hakuna aliyeuliza."

Nikamwachia sukari niliyombebea, nikaondoka. Njiani nikawa namfikiria yule baba wa mapazia ya kijani, ambaye sikuwahi hata kumwona. Miaka yote hii nilimchukia Baba peke yake. Kumbe walikuwa wawili pale mezani, na mmoja wao alikuwa mtu kama mie, mwenye mke mpole na mtoto wa mgongoni, amechoka kupanga.

Kesho yake nikapanda tena kile kilima.

Mama Rajabu alikuwa amemaliza choo, amehamia ukuta wa jiko. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Nikamtolea karatasi ya upekuzi, nikamtolea kopi ya kile kiapo. Kusoma anajua. Alisoma lile neno, hana mke, akaligusa kwa kidole chenye saruji likabaki na alama. Hakulia. Akatia mwiko kwenye ndoo ya maji, akausuuza vizuri, akauweka juani. Ndipo akaniuliza, "Umeshampa hela?" Nikasema bado. "Na ile siku ya kwanza ulipokuja, ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. Akanitazama sana. "Sasa wewe ni nani hasa?"

Nikasema, "Ni mtoto wa mwanamke ambaye nyumba yake iliuzwa bila yeye kujua."

Akaingia ndani. Nilidhani amenifukuza kwa heshima. Kumbe alikwenda kubadili kanga. Akatoka na bahasha ya kaki kutoka chini ya godoro, ndani kuna cheti cha ndoa, kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. "Hiki kitafaa?" Nikasema kitafaa.

Tulihangaika siku tatu. Serikali ya mtaa kuchukua barua, mwenyekiti hayupo, mwenyekiti yupo kwenye kikao, mwenyekiti amekuja ila muhuri uko kwa mtendaji. Majirani wawili wakaja kutoa ushahidi kwamba wanamjua ni mke wa nyumba ile. Mie namwandikia maelezo yake kwa kompyuta ya shule wakati wa mapumziko, yeye anaweka sahihi, taratibu, herufi kubwa kubwa. Kisha tukaenda wote kwa Msajili. Binti wa dirishani alinikumbuka. "Umenunua?" Nikasema hapana, nimemleta mwenyewe. Zuio likapokelewa, likasajiliwa. Mama Rajabu akaomba asomewe tena ile sehemu yenye jina lake. Binti akamsomea. Akaomba tena.

Bwana Chitanda alinipigia kesho yake. Ile sauti ya polepole haikuwepo. Aliniita majina ambayo siwezi kukuandikia, akasema nimemvunjia nyumba. Nilimsikiliza mpaka akachoka mwenyewe. Side akanizuia kwenye simu yake, na dalali mmoja akimzungumzia mteja kwa wenzake, jina linatembea. Wiki kadhaa hakuna aliyetaka kunionyesha kitu. "Yule mama wa kupekua," ndivyo walivyoniita.

Miezi mitatu yetu ikaisha. Tulitoka Temeke na mkokoteni mmoja. Kitanda chako tumempa mwalimu mmoja wa shuleni anayeanza maisha, nisamehe, hakikuingia chumba tulichokipata. Tulikaa Chamazi, chumba kimoja, mie na Zuhura na masanduku, jirani ana jenereta. Mtihani wake aliufanya, akafaulu, si kama alivyotaka lakini alifaulu. Kuna siku nilijuta. Sitasema sikujuta. Mvua ikipiga bati na maji yakiingia chini ya mlango, nilikuwa naiwaza ile sebule ya Tegeta na nasema moyoni, mjinga mie.

Lakini niliendelea kwenda kwenye lile benchi. Kiwanja kimoja nilichoambiwa kikakutwa kiko rehani benki. Kingine mmiliki wake alishakufa na wauzaji hawakuwa na msimamizi wa mirathi, kila mmoja anauza kivyake. Kingine bikoni zake, yale mawe ya mpaka, nilizikuta ndani ya uzio wa jirani. Kila mara nilikuwa nafanya mambo mawili: nasoma karatasi, halafu nakwenda peke yangu siku wasiyonitarajia, nabisha hodi nyumba za jirani, nauliza ardhi hii ni ya nani, nani amezaliwa hapa, nani atalia ikiuzwa. Wengine walinijibu vizuri. Wengine walinifungia mlango. Mzee mmoja alinifuata mpaka barabarani kuniambia jambo aliloogopa kulisema mbele ya watu.

Hatimaye kikapatikana, huku huku Chamazi, nyuma ya uwanja wa mpira. Kiwanja kidogo, kitupu, kimejaa michongoma. Upekuzi safi. Wauzaji mume na mke, wastaafu wanaorudi kwao Masasi. Nilisema sitalipa mpaka mke aje mwenyewe. Mume hakununa. Alikuja naye, bibi mfupi wa miwani mikubwa, akaisoma fomu ya ridhaa ya mke kuuza mstari kwa mstari, sisi wote tumekaa tunamsubiri. Alipofika mwisho akauliza, "Na miembe miwili ya mpakani imeandikwa wapi?" Ikabidi iandikwe. Akaweka sahihi. Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua namna ile.

Hati imetoka, Mama. Ndiyo habari yenyewe. Jina ni langu, lote, na la Baba katikati, maana ndilo jina langu na sina la kubadili. Nilidhani nitalia au nitacheka. Niliiweka kwenye faili nikaenda kazini, mchana nikalala juu ya meza ya ofisini mpaka mkuu wa shule akaja kuniamsha akidhani nimezimia. Uchovu wa miaka yote ulinishukia siku ile.

Msingi umeshatoka chini, chumba kimoja kimefika usawa wa madirisha. Mama Rajabu alikuja juzi kutazama. Mumewe amewatuma wazee kusuluhisha, wanataka atoe zuio. Amewaambia wakae, wale, waende. Alizunguka msingi wangu, akagonga tofali na kifundo cha kidole, akasema fundi ananipunja saruji. Kweli alikuwa ananipunja.

Baba sijarudi kwake. Najua ungesema niende. Nipe muda.

Zuhura nimemwonyesha faili lilipo. Nimemweleza lile dirisha, ile fomu, ile namba ya malipo, mpaka akaniambia, "Mama, nimeelewa, inatosha." Haitoshi. Nakuahidi hivi: siku atakapotaka kununua chake, awe na mume au hana, nitakwenda naye. Nitakaa naye kwenye benchi hata kama ni kwa mkongojo, halafu nitapanda naye huko huko kubisha hodi kwa watu. Na mtu yeyote atakayekaa kwenye nyumba yangu, jina lake nitalijua kabla sijaweka sahihi yangu popote.

Sasa niache, mgongo unauma. Kesho mafundi wanakuja mapema, wanapandisha kozi mbili za matofali, na lazima niwepo niwahesabie mifuko. Wewe pumzika, Mama. Wewe umemaliza.

Mwanao,
Somoe